Sinki ya mkurugenzi ni ya faragha au ya umma? Kuainisha sinki za kunawia katika jengo la kijani

Swali: Msomaji mmoja anasimamia ujenzi wa jengo la ghorofa 9 jijini Dar es Salaam, ambalo mwenyewe anataka lipate cheti cha LEED cha Marekani, cha majengo ya kijani, yaani yanayobana matumizi ya maji na nishati, toleo la v4. Chini kutakuwa na mgahawa, katikati ofisi za wafanyakazi wapatao 200, na ghorofa 2 za juu zitakuwa na vyumba vya kulala wageni, kila kimoja na bafu lake. Mkandarasi wa mabomba anashauri zinunuliwe koki za aina moja kwa jengo zima, za lita 5.7 kwa dakika, na sinki zote zilizo nyuma ya mlango wenye kufuli zihesabiwe kuwa za matumizi ya faragha, ikiwemo ya choo cha mkurugenzi na zile za vyoo vya ofisi ambavyo hufunguliwa kwa kadi ya mfanyakazi. Mshauri wa cheti amekataa. Msomaji anauliza nani ana haki, na pia sinki ya jiko la chai na koki za kutawadhia ziwekwe kundi gani.

Jibu: Mshauri wa cheti ana haki. Sinki zote za ofisi, pamoja na ya mkurugenzi, ni za matumizi ya umma, na koki za lita 5.7 hazifai kufungwa hapo. Zinafaa katika vyumba vya wageni huko juu, na hata huko kuna sharti moja nitakalolieleza. Naomba nieleze sababu kwa kirefu kidogo, kwa kuwa mabishano ya namna hii hujirudia karibu katika kila mradi, na mara nyingi humalizwa kwa cheo cha anayezungumza badala ya kuangalia maji yanavyotumika.

Mfumo wa LEED, unaosimamiwa na Baraza la Majengo ya Kijani la Marekani, USGBC, hauhesabu akiba ya maji kwa kulinganisha jengo lako na la jirani. Hulinganisha jengo lako na jengo la kufikirika lenye idadi ileile ya watu, ambalo vifaa vyake vyote vina kiwango cha msingi kilichowekwa. Kwa sinki ya kunawia ya matumizi ya faragha, kiwango hicho ni galoni 2.2 za Marekani kwa dakika, yaani lita 8.3, maji yakiwa na presha ya psi 60, ambayo ni takribani baa 4.1. Kwa sinki ya matumizi ya umma kiwango ni galoni 0.5 kwa dakika, yaani lita 1.9, kwa presha hiyohiyo. Koki ya kubonyeza, ile inayojifunga yenyewe baada ya muda, hupimwa kwa kila mbonyezo, na kiwango chake ni galoni 0.25, chini kidogo ya lita moja. Ili jengo litimize sharti la lazima, jumla ya matumizi ya vyoo, vyoo vya haja ndogo vya ukutani, sinki na manyunyu inapaswa kushuka kwa angalau asilimia 20 chini ya jengo lile la kufikirika. Kuanzia asilimia 25 ndipo pointi za ziada huanza kuhesabiwa.

Utaona kwamba kati ya lita 8.3 na lita 1.9 pana tofauti ya zaidi ya mara nne. Hakuna kifaa kingine katika jedwali hilo ambacho kiwango chake cha msingi hubadilika kiasi hicho kwa sababu ya kuhamishwa kundi tu. Ndiyo maana uainishaji wa sinki una uzito mkubwa kuliko udogo wa kifaa chenyewe.

Kiwango kimetofautiana hivyo kwa sababu watu hufanya mambo tofauti mbele ya sinki hizo mbili. Katika choo cha ofisi mtu hulowesha mikono, hupaka sabuni, husuuza na kuondoka. Maji hupita juu ya mikono yake tu, na hakuna anachojaza. Katika bafu la nyumbani au la chumba cha hoteli, mtu hupiga mswaki, hunyoa ndevu, huosha uso, hujaza kikombe, pengine hufua kitambaa, na husubiri maji ya moto yafike. Ukimpa lita 1.9 kwa dakika atateseka, na mwishowe atamwita fundi ang'oe kizuizi. Ukimpa mtu wa ofisini lita 8.3, nyingi zitapita pembeni ya vidole vyake na kuingia kwenye mtaro bila kufanya kazi yoyote.

Kwa hiyo jambo la kuuliza ni iwapo watu wanaotumia sinki hiyo wanaishi au wanalala hapo. Miongozo ya LEED, kwa kufuata kanuni za mabomba za Marekani, huhesabu kuwa za faragha sinki za makazi, za vyumba vya wageni katika hoteli, na za vyumba vya wagonjwa hospitalini. Mabafu ya wanafunzi katika mabweni na ya wafungwa magerezani huingia humohumo, maana hao nao wanalala pale. Nyingine zote ni za umma. Pale inapotokea shaka, mwongozo unataka uhesabu kwa kiwango cha umma, na shaka hiyo haipaswi kumnufaisha mwombaji wa cheti.

Nadhani mkandarasi wako amepata wazo lake katika kanuni za mabomba zenyewe. Kanuni ya kimataifa ya mabomba inayotumika katika majimbo mengi ya Marekani huzungumzia vifaa vilivyokusudiwa kutumiwa na familia au mtu mmoja, na mtu akikisoma kifungu hicho peke yake anaweza kuona kwamba choo cha mkurugenzi kinaingia humo. Kinachosahaulika ni kwamba kifungu chenyewe huzungumzia makazi, hoteli na majengo ya mfano huo. Mkurugenzi hanyoi ndevu ofisini wala halali hapo. Hunawa mikono kama mhasibu wake. Ufunguo alionao hubadilisha nani anaingia chooni, lakini haubadilishi maji yanayohitajika kuondoa sabuni kwenye viganja.

Sasa tuziangalie hesabu. LEED v4 hukadiria kwamba mfanyakazi wa siku nzima hunawa mara 3 kwa siku, kila mara kwa sekunde 30. Kwa kiwango cha umma, mtu mmoja hutumia 1.9 × 0.5 × 3, yaani lita 2.85 kwa siku, na watu 200 hutumia lita 570. Hicho ndicho kiwango chako halali cha msingi kwa ofisi. Ukifunga koki za lita 5.7, mtu mmoja atatumia lita 8.55, na watu 200 watatumia lita 1,710. Umezidi kiwango cha msingi mara tatu, na maji yaliyozidi ni lita 1,140 kwa kila siku ya kazi.

Fuata sasa njia ya mkandarasi. Akiziita sinki hizo za faragha, kiwango cha msingi kinapanda hadi lita 8.3 kwa dakika, na watu 200 wanahesabiwa kutumia lita 2,490 kwa siku. Koki zake za lita 5.7 zinatumia lita 1,710, na karatasi inaonyesha akiba ya lita 780, yaani asilimia 31. Koki ni zilezile, watu ni walewale, na tangi la juu linapungua kwa kasi ileile. Lakini karatasi ya kwanza inasema jengo linapoteza maji na ya pili inasema linastahili sifa. Hili linaniuma, kwa sababu akiba ya namna hiyo haimfikii mtu yeyote. Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau mgao wa maji wa mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ikashindwa kuzalisha kama kawaida. Jengo lililojipatia pointi kwa kubadilisha jina la sinki lisingekuwa na tone la ziada siku ile.

Njia iliyo wazi ipo, na haina gharama ya kutisha. Ofisini funga koki za lita 1.9, au zile za lita 1.3 kwa dakika ambazo nazo zipo sokoni. Kwa lita 1.3, watu wako 200 watatumia lita 390 kwa siku badala ya 570, yaani wameokoa lita 180, karibu asilimia 32. Asilimia ni karibu ileile aliyoahidi mkandarasi, ila hii utaiona kwenye mita. Mara nyingi huhitaji hata kubadilisha koki nzima. Kizuizi cha mtiririko hukaa ndani ya kile kichungio kidogo cha mviringo kinachofungwa mdomoni mwa koki, na koki nyingi za kawaida hukubali kubadilishiwa kichungio hicho kwa bei ndogo sana ukilinganisha na bei ya koki. Kiangalie ukingoni: mtengenezaji mzuri hukichapa kiwango chake hapo, kwa mfano 0.5 GPM au 1.9 L/min, kwa herufi ndogo ambazo pengine utahitaji tochi ya simu kuzisoma. Chagua kinachotoa maji kwa manyunyu laini, maana kwa kiwango kidogo hivyo mkondo mmoja mwembamba hauisuuzi mikono vizuri, na mtu atakaa muda mrefu zaidi.

Kama mwenye jengo anapendelea koki za kubonyeza, hakuna ubaya. Angalia jambo hili: koki ya lita 1.9 ikifunguliwa kwa sekunde 30 hutoa lita 0.95, na mbonyezo mmoja wa koki ya kubonyeza kwa kiwango cha msingi nao ni lita 0.95. Viwango viwili vinasema jambo lilelile kwa njia mbili. Kosa la kawaida hapa ni fundi kuifunga koki bila kurekebisha muda wake, ikaendelea kumwaga maji mtu akishafika mlangoni. Koki ya kihisio nayo haibadilishi kundi la sinki. Sinki ya umma hubaki ya umma hata ikifunguka yenyewe.

Sinki ya choo cha mkurugenzi, tukiichukua peke yake, ina tofauti ya lita 5.7 tu kwa siku kati ya koki ya umma na ile aliyochagua mkandarasi. Ni kiasi kidogo, na nisingekulaumu ukiona si neno la kugombania. Nashauri uigombanie hata hivyo. Ukikubali kwamba ufunguo hufanya sinki kuwa ya faragha, huna tena hoja ya kuzuia vyoo vya kadi vya ghorofa zote za ofisi, na hapo ndipo zinapotoka zile lita 1,140. Na iwapo mkurugenzi mwenyewe hawezi kabisa kuishi bila koki yenye maji mengi, mfungie, kisha ihesabu kwa ukweli kama sinki ya umma iliyozidi kiwango. Kwa kuwa LEED huangalia jumla, vyoo vyenye ufanisi, pamoja na vile vya haja ndogo, vitaibeba bila shida.

Nije kwenye vyumba vya wageni. Hizo ni sinki za faragha bila ubishi, na kiwango cha msingi ni lita 8.3. Mtu anayelala hapo hukadiriwa kutumia sinki mara 5 kwa siku, kila mara kwa sekunde 60, kwa hiyo kiwango cha msingi ni lita 41.5 kwa siku, na kwa koki ya lita 5.7 ni lita 28.5. Umeokoa lita 13 kwa kila mgeni kwa siku, na hapo koki za mkandarasi ni chaguo zuri kabisa. Sharti nililolitaja ni hili: LEED v4 inataka vyoo, vyoo vya haja ndogo vya ukutani, manyunyu na koki za sinki za faragha, zikiwa mpya na za aina inayoweza kuwekewa alama, ziwe na alama ya WaterSense ya Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, au alama ya nchi husika inayolingana nayo kwa miradi ya nje ya Marekani. Kwa koki za sinki za faragha, WaterSense hairuhusu zaidi ya galoni 1.5 kwa dakika kwa psi 60, ambazo ndizo lita 5.7 zako, na pia inataka zisitoe chini ya galoni 0.8, yaani lita 3 kwa dakika, presha ikishuka hadi psi 20. Koki za umma hazimo katika sharti hilo la alama. Uainishaji basi hauishii kwenye hesabu. Huamua pia ni nyaraka gani utaombwa. Kabla hujalipia koki za vyumba vya wageni, mtake muuzaji akupe karatasi ya mtengenezaji inayoonyesha kiwango na presha, kisha umwonyeshe mshauri wako.

Kiwango hicho cha chini kwa presha ndogo kina maana kubwa kwetu kuliko wengi wanavyodhani. Majengo yetu mengi hulishwa na tangi la juu ya paa, na kila mita 10 za kina huleta takribani baa 1 tu. Chumba kilicho mita 4 chini ya tangi kina baa 0.4, ilhali kiwango cha koki kilipimwa kwa baa 4.1. Koki isiyo na kidhibiti presha hutoa maji kwa kufuata kipeuo cha pili cha presha: ile ya lita 8.3 kwa baa 4.1 hutoa kama lita 4.1 kwa baa 1, na karibu lita 2.6 kwa baa 0.4. Mtu akipima kwa jagi kwenye ghorofa ya juu atasema amepata koki ya kuokoa maji, kumbe amepata tangi lililo karibu mno, na koki hiyohiyo ikifungwa ghorofa ya chini itamwaga ovyo. Kwa ajili hiyo, karatasi ya cheti hutumia kiwango cha mtengenezaji kwa presha iliyotajwa, na wewe kwa upande wako nunua vichungio vyenye kidhibiti cha presha, ambavyo hushikilia mtiririko karibu sawa kwenye ghorofa zote. Kwa vyumba vya wageni vilivyo karibu mno na tangi, chini yake tu, pampu ndogo ya kuongeza presha huenda isiepukike.

Usije nawe ukajaribu kuvuna zaidi kwa kuweka lita 1.9 katika vyumba vya wageni. Mita 10 za bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 15 hubeba karibu lita 1.8 za maji yaliyopoa. Mgeni akitaka maji ya moto atasubiri karibu dakika nzima, na maji aliyosubiria yatakuwa yamemwagika vilevile. Huko juu, akiba inapatikana zaidi kwa kufupisha bomba la maji ya moto kuliko kwa kubana koki.

Sinki ya jiko la chai ni koki ya jikoni, yenye kiwango cha msingi cha lita 8.3, hata kama wafanyakazi wote huitumia. Pale watu hujaza birika na kuosha vikombe, na birika la lita 2 litataka lita 2 upende usipende. Koki ya lita 5.7 inafaa hapo. Angalizo langu ni kwamba isitumike kama mlango wa nyuma: sinki iliyo karibu na vyoo haigeuki kuwa ya jikoni kwa kuwekewa kikombe. Sinki ya mfanya usafi ya kujazia ndoo, na masinki makubwa ya jiko la mgahawa ya kujazia masufuria, hayaingii katika hesabu hii.

Mgahawa wenyewe una jambo ambalo michoro ya kigeni huwa hailioni. Kwetu sinki ya kunawa kabla ya kula huwekwa ndani ya ukumbi, mbali na vyoo, na karibu kila mteja huitumia mara mbili. Hiyo ni sinki ya umma kama ya chooni. Mahali ilipo hapabadilishi kitu. LEED hukadiria nusu ya matumizi ya sinki kwa kila mgeni wa kupita, na kwa karatasi ya cheti utafuata makadirio hayo, lakini kwa ukubwa wa tangi usiyafuate. Mtu aliyekula wali kwa mchuzi wa nazi kwa mkono hatasuuza kwa sekunde 30. Mhesabie matumizi mawili kamili, na muda wa kutosha kuondoa mafuta.

Koki za kutawadhia hazimo katika orodha ya vifaa ambayo sharti la LEED linaitaja, na kwa maoni yangu hazipaswi kuchanganywa na sinki za kunawia. Anayetawadha huacha maji yakitiririka anapopitia kiungo kimoja hadi kingine, mpaka miguu, kwa hiyo sekunde 30 hazimfai kabisa. Ziandikie mstari wake katika maelezo ya mradi, usidai akiba kwa ajili yake, kisha zifungie vizuizi vya mtiririko kwa ajili ya maji yenyewe. Hakuna mwumini atakayelalamika ukimkumbusha kwamba Mtume alitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo kisichofika lita moja. Mkondo uwe laini usiorusha, na koki iwe ya kufungika kwa mguso mmoja, maana maji mengi hupotea pale mtu anapopaka maji kichwani na koki ikiwa wazi.

Baada ya hapo rudi kwenye jedwali la vifaa la michoro yako, lile linaloorodhesha kila sinki kwa namba. Ongeza safu mbili: moja ya mtumiaji, yaani mfanyakazi, mgeni wa kupita au anayelala, na nyingine ya kazi, yaani kunawa, bafu, jiko au udhu. Kundi lijazwe baada ya safu hizo mbili, na fundi mnunuzi apewe jedwali hilohilo, si maelezo ya mdomo. Koki zikifika, fungua boksi moja la kila aina kabla hazijapandishwa ghorofani, soma maandishi ya kwenye kichungio, na uyalinganishe na mstari wake. Kama mtachanganya maji ya bomba na ya kisima chenye chumvi, agiza vichungio vya akiba tangu sasa na mwelekeze msimamizi wa jengo avitoe na kuvisafisha kila vinapoanza kuziba, kwa sababu kikiziba, fundi wa kwanza atakayeitwa atakitupa na kuiacha koki wazi, na ile hesabu ya lita 390 itakuwa imekwisha siku hiyohiyo.